Umekonda ghafla? Umenenepa ghafla? Pima tezi kabla ya kujinyima chakula

Hapa kwetu Mamba, kama ilivyo Majimoto, Usevya na kwingineko Mpimbwe, mwili wa mtu ni habari ya kijiweni. Ukikonda mwezi mmoja tu, watu wanaanza kunong'ona: "Huyo keshaukwaa." Ukinenepa na kuwa mzito wa kuamka asubuhi, utaambiwa una mimba, au wewe ni mvivu, unakula na kulala. Na shingo ikivimba, ndiyo basi tena: umerogwa.

Vijana wengi wakisikia hayo hujificha. Mmoja anaacha kula mchana ili apungue. Mwingine ananunua vidonge vya kunenepesha gulioni. Binti anaacha shule kwa aibu ya shingo. Kumbe chanzo kinaweza kuwa kitu kidogo chenye uzito wa gramu 20 hivi, kilichokaa mbele ya shingo yako: tezi ya thairoidi. Hiyo ikiharibika, unaweza kujinyima chakula au kukimbia uwanja mzima bila kupata unachotaka. Unaweza hata kujiumiza.

Kwa hiyo leo tuzungumze, kijana. Tezi hii ni nini, inabadilishaje uzito, na ukiwa nayo mbovu ule nini na ufanye mazoezi gani?

TEZI HII INAFANYA KAZI GANI?

Ipo chini kidogo ya kile kifundo kinachopanda na kushuka unapomeza. Ina umbo la kipepeo. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazosafiri kwenye damu na kuuambia mwili ufanye kazi haraka au polepole.

Chukua mfano wa jiko la mkaa. Ukifungua kimlango cha chini, hewa inaingia, moto unachachamaa, sufuria inafoka na mkaa unaisha upesi. Ukikifunga, moto unafifia na maharage hayaivi mpaka jioni. Homoni za tezi ndizo kimlango hicho. Zikizidi, mwili unaunguza chakula chote na nyama yako pia. Zikipungua, mwili mzima unapoa.

Ili kutengeneza homoni hizo, tezi inahitaji madini joto. Kijana na mtu mzima wanahitaji mikrogramu 150 kwa siku, na mama mjamzito 250. Ni kidogo mno, hata ncha ya sindano haijai. Lakini kidogo hicho kikikosekana kila siku, tezi inatanuka ikijaribu kunasa kila chembe inayopita. Kutanuka huko ndiko tunakoita rovu, au goita.

KWA NINI SISI WA BARA?

Madini joto kwa wingi yako baharini. Huku bara, mvua za miaka na miaka huyasomba kutoka kwenye udongo, na mahindi, muhogo na mboga zinazoota kwenye udongo huo hukosa pia. Samaki wa Ziwa Rukwa na dagaa wa Tanganyika ni chakula kizuri cha kujenga mwili, lakini hao ni wa maji baridi. Usiwategemee kwa madini joto.

Miaka ya 1980 ilikadiriwa kuwa mtu mmoja kati ya wanne Tanzania alikuwa na rovu. Serikali, kupitia Taasisi ya Chakula na Lishe, ilianza kwa kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi. Kisha katikati ya miaka ya 1990 ikaja sheria ya kutia madini joto kwenye chumvi. Uchunguzi wa mwaka 2004 kwa watoto wa shule za msingi ulikuta wenye rovu wamebaki kama 7 katika kila 100. Kazi hiyo ilifanywa na chumvi ya jikoni!

Lakini angalia: chumvi haizaliwi na madini joto ya kutosha. Yanaongezwa kiwandani. Chumvi ya baharini, ya chemchemi za Uvinza ambako watu wamekuwa wakichemsha chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, au ya Ivuna kusini mwa Ziwa Rukwa, zote ni hivyo hivyo: kama hayajatiwa, hayamo. Weupe wa chumvi si ushahidi. Soma pakiti, imeandikwa kuwa ina madini joto? Ukifika nyumbani iweke kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua, unyevu na moshi wa jiko. Na itie chakula kikikaribia kuiva, maana moto mrefu hupunguza madini hayo.

Na muhogo je? Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, mashariki ya Kongo, watafiti wa miaka ya 1960 walikuta jambo la ajabu. Madini joto yalikuwa haba kisiwa kizima, lakini rovu ilijaa upande wa kaskazini na haikuonekana sana upande wa kusini-magharibi. Kwa hiyo palikuwa na kitu cha pili. Uchunguzi uliofuata uliwapeleka kwenye muhogo. Muhogo usioandaliwa vizuri huacha sumu ambayo mwili ukiibadili huizuia tezi kunasa madini joto. Hii haina maana tuache muhogo. Loweka muhogo mchungu siku tatu au nne, uanike ukauke vizuri. Kisamvu kitwange na ukichemshe sana. Ukiwa na chumvi yenye madini joto pia, muhogo wako hauna neno.

ROVU SI UGONJWA WOTE

Hapa wengi wanachanganya. Mtu anaweza kuwa na rovu kubwa na homoni zake zikawa sawa kabisa. Mwingine shingo yake imenyooka, lakini homoni zimeharibika vibaya. Siku hizi ambapo chumvi nzuri imeenea, kuna watu ambao tezi yao inashambuliwa na askari wa mwili wenyewe, yaani kinga iliyogeuka. Huwapata wanawake zaidi ya wanaume na mara nyingi hutembea katika ukoo. Huo hauji kwa uchafu, wala kwa kurogwa, wala hauambukizi. Ukila naye, ukilala naye chumba kimoja, hupati.

Jikague hivi. Simama mbele ya kioo, inua kidevu kidogo, kisha meza fundo la maji. Ukiona uvimbe unapanda na kushuka chini ya kile kifundo, nenda kituo cha afya. Kama uvimbe ni mgumu, unakua haraka, sauti imekwaruza au kumeza na kupumua ni shida, usisubiri mavuno yaishe. Nenda sasa.

TEZI ILIYOLALA

Homoni zikipungua, dalili zake ni hizi: uchovu usioisha hata ukilala, kusikia baridi wakati wenzako wanatoka jasho, choo kigumu, ngozi kavu, nywele kukatika, uso kujaa, mapigo ya moyo ya polepole, usahaulifu na huzuni. Kwa wasichana hedhi huwa nzito au huvurugika. Na uzito unapanda.

Unapanda kiasi gani? Sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu wanapodanganyana. Kwa kawaida tezi iliyolala huongeza kilo 2 hadi 5 hivi, na sehemu kubwa ni maji na chumvi vilivyobaki mwilini, si mafuta. Kama umeongezeka kilo 20, tezi peke yake haiwezi kubeba lawama yote. Mandazi na soda navyo vina sehemu yao.

Tiba ni kidonge cha levothairoksini, ambacho ni homoni ile ile iliyopungua. Wengi hukimeza maisha yote. Si adhabu, ni kumrudishia mwili chake. Kuna kanuni zake:

- Kimeze asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu. Subiri nusu saa hadi saa nzima ndipo unywe chai au uji.
- Uji wa lishe wenye soya, maziwa na kahawa hupunguza kazi ya dawa vikinywewa pamoja nayo.
- Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito kliniki, na vya kalsiamu, viache saa nne mbali na dawa hii.
- Damu hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8 ili kujua kama kipimo cha dawa kinatosha.

Usiongeze dozi mwenyewe ili ukonde haraka. Homoni ikizidi moyo unaenda mbio, mifupa inapungua nguvu, na unaweza kufa kwa kitu ulichomeza ili upendeze.

TEZI ILIYOCHACHAMAA

Huyu ni kinyume. Anakula sahani mbili na bado suruali inamvuka. Anatoka jasho, mikono inatetemeka, hasinzii, anakuwa mkali kwa jambo dogo, choo ni mara kwa mara, moyo unadunda kama ngoma. Wengine macho hutokeza. Huyu ndiye kijiweni wanayemwambia ana ngoma.

Njia rahisi ya kujichunguza ni kuhesabu mapigo. Kaa umetulia dakika 10, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, hesabu kwa dakika moja. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Ukiwa juu ya 100 mara kwa mara huku umekaa, huo si uoga wa mtihani. Nenda ukapimwe.

Dawa inayotumika sana ni kabimazoli, ya kupunguza homoni, na mara nyingi hutolewa pamoja na dawa ya kutuliza moyo. Wengine baadaye hufanyiwa upasuaji au hupewa tiba ya mionzi katika hospitali kubwa. Ukiwa unatumia kabimazoli ukapata homa na koo kuuma sana au vidonda mdomoni, acha kuimeza na uende hospitali siku hiyo hiyo ukapimwe damu. Ni mara chache kutokea, lakini dawa hii inaweza kushusha askari wa damu. Usiseme ni malaria ukakaa nyumbani.

Halafu kuna mtego mmoja. Ukianza kupona, uzito unarudi. Hiyo ni dalili njema! Lakini tumbo limezoea sahani mbili na moto wa jiko sasa umetulia. Ukiendelea kula vile vile utapita uzito wako wa zamani. Mabinti wengine wakiona hivyo huacha dawa ili wabaki wembamba. Kijana, wembamba huo unanunuliwa kwa moyo wako. Usiache dawa, punguza sahani.

SAHANI YA KWETU

Ukishapata dawa, chakula ndipo kinaanza kukusikia. Hakuna chakula maalumu cha wagonjwa wa tezi, wala huhitaji vya dukani. Gawa sahani yako hivi: nusu iwe mboga (matembele, mlenda, mchicha, kisamvu kilichoiva), robo iwe ugali au wali, na robo maharage, kunde, samaki au yai. Ongeza tunda: papai, embe, chungwa.

Mwenye tezi iliyolala aongeze mboga na maharage kwa ajili ya choo kigumu, anywe maji, apunguze mafuta ya kukaangia, maandazi na soda. Ugali mkubwa wa usiku ukifuatiwa na usingizi ndio unaotuumiza wengi.

Mwenye tezi iliyochachamaa, kabla dawa haijashika, ale zaidi: karanga, maziwa, mayai, samaki, uji mzito. Maziwa na dagaa wanaoliwa na mifupa yao humsaidia mifupa. Aepuke kahawa, chai kali, sigara na vile vinywaji vya kuongeza nguvu, maana moyo wake tayari unakimbia.

Kuna wanaokataza kabichi na sukumawiki. Zikipikwa na kuliwa kwa kiasi cha kawaida, hazina shida kwa mtu anayepata madini joto.

MAZOEZI: LINI NA KIASI GANI?

Utasema, "Mazoezi ya nini wakati nalima?" Kweli, kulima, kutwanga na kuchota maji ni mazoezi kamili. Msichana anayebeba ndoo ya lita 20 kutwa mara nne hahitaji kuambiwa aruke kamba. Lakini msimu wa shamba ukiisha, au ukiwa mtu wa kukaa dukani na kupanda bodaboda, mwili unalala.

Tezi iliyolala: usianze kwa kishindo, misuli itauma na utakata tamaa. Tembea haraka dakika 10 hadi 15 kwa siku, ongeza dakika chache kila wiki kadiri dawa inavyofanya kazi. Lengo la mtu mzima ni angalau dakika 150 kwa wiki. Kwa walio chini ya miaka 18 ni dakika 60 kila siku, na mpira wa jioni unahesabika.

Tezi iliyochachamaa: pumzika kwanza. Usicheze mechi, usikimbie, usishindane kwa baiskeli hadi daktari aseme moyo umetulia. Mwambie mwalimu wa michezo na wazazi, ili usionekane mtegaji. Baadaye anza na kutembea, kisha kazi za kuinua vitu vidogo ili misuli iliyoliwa irudi.

Na uzito unaofaa ni upi? Kwa mtu mzima, chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa mara urefu huo huo. Mfano: kilo 52, urefu mita 1.58. Hesabu ni 52 gawanya kwa (1.58 × 1.58), jibu ni karibu 21. Kati ya 18.5 na 24.9 uko sawa. Kwa walio chini ya miaka 19, muuguzi ana chati ya umri.

MASWALI YA VIJANA

Shingo yangu imevimba. Nikila chumvi nyingi itapona?
Hapana. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, chakula chote kikihesabiwa. Ikizidi inapandisha shinikizo la damu. Na madini joto yakizidi ghafla yanaweza kuichachamaza tezi iliyokaa na rovu miaka mingi. Ilitokea Kivu na Zimbabwe miaka ya 1990, chumvi yenye madini joto ilipoingia. Chumvi ile ile ya kawaida, kwa kiasi, yatosha kuwakinga walio wengi. Rovu ya zamani ipeleke kwa daktari.

Nina ugonjwa wa tezi. Naweza kuzaa?
Ndiyo. Lakini panga. Ukiwa unatumia levothairoksini, usiiache ukishika mimba. Nenda kliniki mapema, maana mara nyingi dozi huongezwa. Ubongo wa mtoto tumboni hutegemea homoni hizo. Ukiwa unatumia kabimazoli, zungumza na daktari kabla ya kushika mimba, kwa sababu miezi ya mwanzo inaweza kumdhuru mtoto na huenda ukabadilishiwa dawa. Usiiache kimya kimya.

Nimekonda sana. Kwa hiyo ni tezi, si Ukimwi?
Huwezi kujua kwa macho, wala jirani hawezi. Kukonda kunaweza kuwa tezi, kifua kikuu, kisukari, VVU, minyoo au njaa tu. Pima vyote. Kila kimoja kati ya hivyo kina la kufanya, ila kimoja tu hakina: kukaa ndani unaogopa maneno.

UKIENDA KUPIMA

Anzia zahanati au kituo cha afya. Kipimo chenyewe ni cha damu, na huenda ukaandikiwa kwenda hospitali kubwa, kwa mfano Mpanda. Safari ya kupitia Usevya, Kibaoni na mbuga ya Katavi ni ndefu na nauli si mchezo, kwa hiyo jiandae usirudi mikono mitupu. Andika kwenye karatasi uzito wako wa zamani na wa sasa, mapigo ya moyo, hedhi ya mwisho na dawa zote unazomeza, za kienyeji pia.

Ukiingia, usiseme tu "naumwa mwili". Sema hivi: "Shikamoo daktari. Tangu Pasaka nimepungua kilo 6 na nakula vizuri. Mikono inatetemeka. Mama mkubwa alikuwa na rovu. Naomba unipime na tezi." Maneno hayo machache yanaweza kukuokolea mwaka mzima wa kutibiwa malaria usiyo nayo. Ukipewa dawa, uliza kama unaweza kupata za miezi miwili au mitatu, na usingoje kidonge cha mwisho ndipo utafute nauli.

Na wewe ambaye tezi yako ni nzima, una kazi mbili. Angalia pakiti ya chumvi iliyoko jikoni kwenu leo. Halafu ukimsikia mtu kijiweni anamcheka mwenzenu kwa unene, wembamba au shingo, mwambie: kuna kipimo cha hilo, na kuna dawa.